Upande Uleule

Nilivuta bomba nikingoja damu,
nyeusi, nzito kama mafuta ya ganda la korosho.
Ikaja hewa.
Hokororo, aliyeshika taa, akanitazama,
kisha akautazama ukuta.

Mashine ya kuonyesha mishipa ilikuwa wodi ya wazazi,
mapacha kutoka Nanguruwe wameichelewesha.
Nikasema: shingo naijua.
Nimepitisha mipira arobaini na mmoja kwa vidole tu.
Wa arobaini na mbili,
sindano ilizidi kushuka
upana wa punje ya mtama.

Somoe Nampoto hakupiga kelele.
Alikohoa mara moja,
akaanza kuhesabu pumzi
kama mtu ahesabuye fedha asizotaka zionekane.
Nikagonga kifua. Kulia kukalia kama debe tupu.
Nikasikiliza:
kimya cha ghala la korosho mwezi wa Mei.

Chuoni tuliimba madhara kama jedwali la kuzidisha:
kutoboa pafu, kuchoma ateri,
hewa kuingia damuni,
waya kuponyoka ukaelekea moyoni,
vijidudu kupanda na mpira siku ya saba.
Nilipata tisini na nne.
Hakuna aliyeniuliza
nitakaa wapi usiku ule.

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa,
kando ya chupa ya maji chini ya kitanda,
nikiangalia mapovu yakitoka kifuani mwake
moja moja.
Nikafungua faili. Nikaandika:
*pafu limetoboka.*
Limetoboka! Kama kaptula ya mtoto.
Kama ndoo iliyochakaa yenyewe.
Nikakata. Nikaandika:
*nimelitoboa.*
Herufi chache tu, na mkono ukauma hadi begani.

Asubuhi nikamsomea vilevile.
Miaka thelathini amebebesha mikorosho Naliendele,
kisu na kikonyo, kisu na kikonyo,
kidole gumba chake kina makovu kama gome.
"Miche mingapi imekufia mkononi?"
"Watatu walidhurika. Mmoja alikufa."
"Jina?"
Nikalitaja.
Akanyamaza mpaka chai ikapoa.

"Mkono wako ulitetemeka?"
"Hapana, mama."
"Basi hapo ndipo ulipokosea."

Figo hazikungoja tupatane.
Alhamisi mashine ikaletwa, gurudumu moja likilia.
Akauliza kwa nini nisihamie kushoto,
kulikobaki kuzima.
Nikamwambia: ndiyo sababu.
Pafu la kushoto ndilo linalokubeba sasa,
silisogelei na sindano.
Tunarudi kulia, penye mpira wa mbavu,
palepale nilipokuumiza.
Akacheka kidogo, akashika ubavu.
"Kumbe hata nyie mnajua kurudi."

Akageuza uso dirishani, shingo ikabaki kwangu.
Kwenye kioo mshipa ulikuwa duara jeusi,
ukipanuka, ukinywea.
Mkono wangu ukatetemeka.
Hokororo aliona. Yeye pia aliona, nadhani.
Nikauacha utetemeke mpaka ukachoka,
kisha nikavuta.