Kobe Hakusikia Baridi?

Siku ya tisa boila imekufa.
Glasgow, Januari, ghorofa ya kumi na moja,
dirisha linatoka jasho kwa ndani
na Saumu yuko kitandani na koti la shule,
soksi mbili mbili, pua tu iko nje.
"Paukwa," namwambia.
"Pakawa," anajibu kwa lafudhi ya hapa,
ile k yake ngumu kama kokoto.

Namsimulia kisima.
Wanyama walichimba, Sungura hakuchimba,
alisema ana mgongo, alisema ana msiba,
kisha usiku akaja akanywa, akaoga, akavuruga maji.
Simba akanguruma. Kunguruma ni kazi nyepesi
ukijaliwa koo lile.
Akamweka Fisi zamu: akalambishwa asali,
akafungwa kamba huku anacheka.
Akamweka Nyati: asali, kamba, vilevile.
Ndipo Kobe, ambaye hakuna aliyemuuliza,
akasema: nitaingia humo humo majini,
nikae chini kabisa, nimngoje.

Bibi Mwanshamba akifika hapo, Tanga, tulinuna,
maana sote tulikuwa upande wa Sungura.
Mimi nilibaki huko hata ukubwani.
Sungura ndiye aliyenivusha:
uwanja wa ndege, fomu, mahojiano,
zamu za usiku za kupiga deki hospitalini,
inama, teleza, jina lako lisijulikane.
Sijuti. Ujanja wa mnyonge nao ni chakula.

Lakini Saumu anauliza kitu
ambacho Tanga hakuna mtoto aliyewahi kukiuliza:
"Mama, Kobe hakusikia baridi?"

Nikanyamaza.
Miaka arobaini nimeibeba hadithi hii,
sikujua ndani yake mna baridi.

Kesho yake, ukumbini chini, karibu na mashine za kufulia,
amekuja kijana wa ofisi ya nyumba, tai ya buluu,
na chai, na sahani za biskuti, na pole nyingi.
Asali.
Bi Isobel wa ghorofa ya tatu, aliyeapa kumrarua,
anachovya biskuti.
Bwana Zbigniew, aliyenguruma ngazini wiki nzima,
anashukuru kwa mikono miwili.
Hata mkono wangu ulikwenda sahanini, sitadanganya.

Kisha nikasikia sauti, kumbe yangu,
Kiingereza changu kimevaa viatu vya kuazima:
"Siku gani?"
Akasema, mama, hilo si langu,
hilo ni la idara nyingine, ni la mkandarasi,
ni la spea inayotoka Ujerumani.
Nikajua hapo hapo tumefika wapi kwenye hadithi.
Sungura akishikwa mguu husema:
maskini, umeshika mzizi! Mguu wangu ule pale!
Na walinzi wote huachia mguu, wakaufuata mzizi.

Magoti yalinitetemeka chini ya meza,
vijiko vikanisengenya.
"Siku gani," nikasema. "Andika. Utie sahihi."
Nikasema tena.
Mara ya nne sikusema, nilimtazama tu.
Biskuti zikaacha kutafunwa.
Isobel akakokota kiti, kikalia sakafuni,
akaja kukaa upande wangu. Kisha mwingine.

Sasa karatasi iko kwenye mlango wa friji:
Alhamisi, saa nne asubuhi,
sahihi yake nyembamba kama unywele ulioanguka.
Leo Jumatatu. Bado tunalala na makoti.
Sijui kama Alhamisi itakuja na fundi
au na barua nyingine.

"Alisikia," namwambia Saumu gizani.
"Nani?"
"Kobe. Alisikia baridi sana."
"Sasa kwa nini hakutoka?"
Namfunga kifungo cha juu, kile kinachomkaba kidogo.
Alikuwa ameshika mguu, mwanangu.
Angetokaje?