Mahali Mkono Usipofika

Nilimwendea tabibu Achuthan Variyar
siku ya nne ya mwezi wa Karkidakam,
mwezi wa mvua zisizo na adabu,
sisi wa Kerala tunapoupumzisha mwili
kama mkulima apumzishavyo ng'ombe wa jembe.
Nikamwambia: sina ugonjwa,
nina usingizi uliohama.

Miaka ishirini na sita nimekata tiketi
dirisha la pili, stesheni ya Shoranur.
Treni ya saa nane usiku naijua kwa mlio
kama mama ajuavyo kikohozi cha mwanawe.
Nimestaafu. Treni haijastaafu.
Hunipitia kichwani, saa nane kamili,
nami huketi kitandani
nikihesabu chenji za watu.

Hakuniuliza panauma wapi.
Alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu,
akafumba macho
kama anayesikiliza mlango wa jirani.
Chini ya kidole cha kwanza, akasema, kuna nyoka:
huyo ni upepo, anajipinda, hana pa kulala.
Cha pili, chura: huyo ni moto,
anaruka kidogo, hana neno.
Cha tatu, bata-maji: ndiye ute, mzito, anaelea.
"Nyoka wako, Vilasini, amewatisha wenziwe."

Kisha maswali, utadhani karani wa sensa.
Unakula njaa ikija, au saa ikigonga?
Unakula umeketi?

Nikanyamaza.
Tangu Gangadharan afe nakula nimesimama,
sufuria mkononi, mgongo kwenye friji,
wali wa jana na achari,
nikitazama ukuta.
Akaandika. Sijui aliandika nini.
Labda: ukuta.

Dawa yake iliniaibisha kwa udogo.
Maji yaliyochemka na bizari nyembamba.
Uji wa mchele mwekundu, uwatu na mizizi,
kabla giza halijashika.
Chakula kikubwa jua likiwa utosini,
na robo ya tumbo iachwe tupu.
Kidonge cha presha cha hospitali usikiache;
mimi na daktari, alisema, tunachota kisima kimoja.
Na mafuta ya ufuta, yapashwe moto:
nyayoni, utosini, mgongoni.
Hasa mgongoni, katikati ya mabega.

Nyayo nikaweza. Utosi nikaweza.
Mgongo, nikapitisha mkono juu, nikapitisha chini,
nikajaribu mwiko, mwiko ukadondoka,
mafuta yakatiririka sakafuni,
paka akayalamba, akalala usingizi mnono,
yeye ambaye hakuandikiwa dawa.

Kuna shubiri moja katika kila mwili
iliyowekwa mahali mkono wa mwenyewe usipofika.
Sijui kwa nini. Ninashuku tu.

Jirani yangu Kunjipathu tuligombana
juu ya mfereji wa maji machafu, mwaka wa mafuriko.
Sitaeleza nani alianza.
(Ni yeye.)
Miaka sita tumesalimiana kwa kufunga madirisha.
Usiku wa tano nikasimama kibarazani kwake,
nimelowa, chupa mkononi,
maneno marefu nimeyapanga kama noti.
Alifungua. Akaitazama chupa.
"Ya ufuta au ya nazi?"
"Ya ufuta."
"Imepoa. Ingia."

Ana mikono ya kukanda mikate ya mchele.
Alinikanda kama anayedai.
Hakuutaja mfereji, wala mimi.
Nje maji yalikuwa yakipita humo humo
bila kumuuliza mtu.
Kisha akaleta uji, mabakuli mawili,
na mkeka.
Nikaketi.

Siwezi kuapa ni mafuta.
Siwezi kuapa ni uwatu, au bizari, au mwezi wenyewe.
Treni ya saa nane nadhani ilipita.
Asubuhi Kunjipathu aliniambia ilichelewa,
ikapiga honi kama mwendawazimu,
mimi nikikoroma mkekani kwake
bila haya.

Leo ni zamu yake.
Mgongo wake ni mpana kuliko nilivyodhani;
nimenunua chupa kubwa.