Nusu Sekunde

Nimekufa mara tatu tangu alfajiri,
joho la uganga mwilini,
deraya ingali mkobani.

Amri zangu zilikuwa na kiherehere:
vua, vaa, piga, rudisha.
Hiyo rudisha ikabisha hodi
uchawi ungali kinywani, ikafukuzwa.

Nikaweka subira, nusu sekunde.
Mtandao wa Newala haupokei haraka za mtu.

Nambunga kaja kuazima dumu la maji,
akaniona nabonyeza kitufe kimoja
na mtu anabadilika kofia hadi viatu.
"Na mimi nitengenezee," akasema,
vumbi la korosho mpaka kwenye kope,
na saa nane ana msiba Kitangari.

Nilicheka peke yangu.
Dumu lilipotoka mlangoni
nikarudi mstari wa nne,
nikaandika: sekunde nzima.