Mavi ya Shaba

Kwa Kiswahili chetu yana jina moja tu,
na mama hakupenda litajwe mbele ya wageni.
Vilima vyeusi nyuma ya nyumba za kampuni,
machicha ya jiwe lililokwisha kukamuliwa tui lake,
mengine ya juzi, ya tanuri la serikali,
mengine ya watu wa kale wasiojulikana hata makaburi.
Sisi watoto hatukubagua.
Tuliteleza juu yake kwa vipande vya boksi,
tukarudi makalio meusi, tukachapwa.

Leo Hail Sufri ina kibao.
Ina maegesho, ina choo kipya chenye kufuli,
na kijana wa idara, Muatasim, kanzu imenyooka kama karatasi,
ananionyesha mdomo wa shimo uliozibwa kwa wavu.
"Hapa," anasema, "ndipo walipokuwa wakishuka wazee wetu."
Naitikia. Simwambii nimemjua mmoja
aliyeshuka kwa nusu ya Ayatul Kursi,
nusu ya pili akiiweka ya kupandia.

Baba, Sleyum wa Wete, fundi cherehani,
alikuja na mkasi na cheti cha babu yake.
Akaambiwa nguo zina mafundi tele Sohar;
shimoni kuna nafasi.
Akashuka miaka kumi na moja.
Mkebe wake ulikuwa wa ghorofa tatu:
chini wali, kati mchuzi wa papa,
juu pilipili ya kukaanga,
ambayo Dilmurad, Mbaluchi wa zamu yake,
aliila huku akitokwa machozi, na kesho yake akaiulizia.

Mama alipima siku kwa honi.
Ikilia, anainjika chai.
Mwezi mmoja wa Rajabu ililia si wakati wake.
Hakuuliza mtu.
Alivua bangili zake za shaba, akazivurumisha kule vilimani:
"Chenu hicho. Nami nipeni changu."
Baba akarudi, vumbi hadi kwenye kope.
Dilmurad hakurudi.
Ile ghorofa ya juu ya mkebe
haikutiwa kitu tena.

Kisha ikaisha shaba, au bei yake,
sikumbuki kipi kilitangulia.
Honi iling'olewa, ikauzwa kwa kilo.
Wiki nzima mama aliunguza chai.

Watu wa kijiji walikuwa wema.
Walituletea tende, walituzikia.
Lakini baba aliijua zamu ya kila shamba kwenye falaji,
na bado ilikuwa "Mzinjibari, sogeza gari."
Alipokwenda Wete kutembea, watoto wakamwita Mmanga.
Alirudi akicheka:
"Mimi senti ya zamani, mwanangu, ile yenye tundu.
Kichwa au mkia, katikati sipo."

Kibaoni mna majina arubaini na mawili.
La kumi na tisa ni lake. Wamelinyoosha: Sulaiman.
Na mbele yake wameandika:
mzaliwa wa kijiji hiki.

Nasoma mara ya pili, kwa kidole, kama mtoto wa chuoni.
Wete haimo, wala meli, wala mkasi.
Neno alilolingoja hadi kufa
limekuja kwa kosa la karani.

"Kuna kosa," namwambia Muatasim.
Anatoa kalamu, uso umemwiva kwa haya.
Kalamu imesimama hewani.
"Amesahauliwa mtu. Dilmurad. Andika, nakutajia herufi."
Anaandika, ananisomea, nasahihisha.
"Na jingine?"
Upepo unapiga wavu wa shimo, unatoa mlio
ambao kwa mbali, ukitaka, ni honi.
"Jingine liko sawa."

Njiani nimeokota bonge moja, zito, jeusi,
nikalitia mkobani.
Mlinzi wa lango amenisimamisha kwa adabu:
"Samahani, mama. Hiyo ni turathi."
Turathi!
Nimelirudisha kilimani kwa mikono miwili,
kama mtu anayelaza mtoto,
nikajipangusa viganja kwenye buibui,
haraka haraka,
kabla hajaniona mama.