Washa Taa, Otylie

Lifti ya jengo letu imekufa tangu Novemba,
na magoti ya Bwana Bohumír yalitangulia kufa.
Basi ananifundisha kupitia tundu la hewa la bafuni,
yeye ghorofa ya pili, mimi ya tano,
sauti yake ikipanda na harufu ya kabichi
na sabuni ya kunyolea ya kila aliye kati yetu.

"Dawa ya kwanza, dakika kumi na mbili. Digrii ngapi?"
"Ishirini."
"Usiniambie ishirini. Soma."
Nasoma. Ishirini na moja na kidogo.
"Hicho kidogo ndicho kilichonilia filamu arobaini."

Mimi ni fundi wa meno ya bandia.
Mikono yangu imezoea kutoa kitu ndani ya kinyume chake:
fizi, kisha plasta, kisha jino.
Nikajiona nimehitimu kabla ya kuanza.

Filamu ya kwanza nilimimina dawa ya kukaza mahali isipotakiwa,
halafu ile ya zambarau ikaja ikala kilichobaki.
Nikavuta ukanda: mtupu kama kioo cha dirisha,
hakuna mara thelathini na sita,
hata namba za pembeni zimekwenda.

Ya pili, maji ya bomba yalikuwa ya moto.
Picha zikabanduka kama utando wa maziwa yaliyochemka,
zikaelea beseni; nikaona ukingo wa kofia, nusu ya paa,
kisha shimo la maji likavinywa.
Bohumír aliusikia ukimya wangu. "Zimebanduka?"
Akacheka hadi mtoto wa ghorofa ya tatu akamwambia anyamaze.

Ya tatu ni usiku ule wa barafu, Ostrava nzima imejifungia.
Dawa ya kwanza. Suuza.
Ya zambarau. Suuza.
Ya kusafisha.
"Sasa fungua tangi," akasema, "uwashe taa."

Sikuisogelea swichi.
Wiki sita nimeishi kama mwizi kwa ajili ya ukanda huu:
taulo chini ya mlango,
saa ya mkononi ndani ya soksi,
karatasi nyeusi kwenye kidirisha,
leo niuchukue niutie mdomoni mwa balbu?

"Washa, Otylie. Kilichoonja nuru mwanzo kimeshaoshwa.
Kilichobaki ni kile kilichokaa gizani. Zamu yake."

Nikawasha.
Ukanda ulikuwa na rangi ya maziwa mgando.
Nikauzungusha upande huu, upande ule,
kama muhindi juu ya makaa.
Kisha dawa ya pili, na weusi ukaingia taratibu,
ukajua wenyewe pa kukaa.
Theluji ilibaki theluji.
Watu walikuwa na nyuso za watu.

Jumapili nikakata, nikatia kwenye fremu za karatasi ngumu,
nikaishusha projekta ya marehemu shangazi yangu
ghorofa tatu, ngazi kwa ngazi, nikiihesabia kilo.
Bohumír alikuwa ameng'oa sumaku zote kwenye mlango wa friji.
Nikatia slaidi: kituo cha mwisho cha tramu,
pale alipogeuzia behewa lake miaka thelathini na moja.
Magurudumu yalikuwa angani.
"Ajali," akasema.
Nikaigeuza, vidole vikaungua.
"Milango iko kushoto. Abiria washukie katikati ya barabara?"
Nikaigeuza tena.

Hapo hakusema neno.
Feni ilinuka vumbi la moto.
Juu ya kituo, anga zima lilikatwa na unywele mmoja,
mnene kama kebo ya umeme.
Akainuka, kwa magoti yaleyale, akashika meza, akashika kiti,
tramu ikampanda mgongoni,
akafika kwenye friji akajaribu kuufuta kwa kiganja.
Unywele ukahamia juu ya mkono wake.

"Wako?"
"Wangu."

Hakuuondoa mkono.