Wa Mwisho Ni Nani?

Hapa Havana foleni haina mstari.
Ukipita Mtaa wa Neptuno saa mbili asubuhi
utadhani watu wamekaa tu kupunga upepo:
mmoja kwenye ngazi ya kinyozi, wawili kwenye kivuli cha nguzo,
bibi mmoja kajibanza mlangoni pa nyumba isiyo yake
anamenya chungwa kwa kisu cha mezani.
Usidanganyike. Wote hao wamepangika.
Ila mstari uko kichwani.

Ukifika, huanzi kwa kuuliza kinauzwa nini.
Unapaza sauti, kama apigaye hodi:
Wa mwisho ni nani?
Na mkono mmoja unainuka,
unainuka upesi, kwa furaha karibu,
maana sasa wa mwisho ni wewe
na mwenye mkono ametua mzigo.

Lakini usiridhike na mkono huo.
Muulize naye yuko nyuma ya nani,
na huyo ana alama gani,
kwa sababu watu huchoka, watu huitwa nyumbani,
watu husema nakuja sasa hivi,
na ukimpoteza wa mbele yako
umepotea nawe, hata kama hujabanduka.

Mimi leo niko nyuma ya Osmani, fundi redio,
mwenye tundu la ndege alilolifunika kwa taulo.
Osmani yuko nyuma ya Idalmis wa mwavuli wa kijani,
na Idalmis yuko nyuma ya mapacha wanaohesabiwa mtu mmoja
(palizuka ugomvi juu ya hilo, ukaisha).
Nimetoka zamu ya usiku; viatu vyangu vyeupe
bado vinanuka wodi.
Nimeshika na nafasi ya mkate, kona ya pili,
na ya gesi, ambako mtungi umesimama badala yangu,
utambaa mwekundu shingoni
asije mtu akauita wake.

Waliosema subira yavuta heri
hawakutaja heri ya ukubwa gani.
Huku inavuta kuku: mapaja, kilo moja kwa kila daftari,
barafu ikipimwa pamoja na nyama.

Saa nne. Lori hakuna.
Saa tano kasoro mtu anasema limeonekana kule chini.
Tunainuka sote.
La saruji.
Tunakaa.
Ndege wa Osmani analia mara moja gizani mwake, kisha basi.

Saa sita nautafuta mwavuli wa kijani, siuoni.
Idalmis yuko wapi?
Osmani anatazama vidole vyake.
"Ameitwa. Karatasi zimetoka. Anaruka kesho."
Kumbe miaka minne alikuwa kwenye foleni ile nyingine,
ile ambayo mtu huisimamia bila kuitaja,
hata kwa jirani wa ukuta mmoja.
Tukasogea mbele hatua moja.
Hakuna aliyeshangilia.

Kuku nimempata saa nane na nusu.
Mkate uliishia watu sita kabla yangu.
Gesi, wanasema kesho. Mtungi nimeuacha ulale hukohuko.

Nyumbani, baba yuko kwenye kiti chake cha bembea.
Majina yamemtoka mojamoja, kama watu waliochoka kungoja:
la mtaa, la timu yake ya besiboli, la mama,
na tangu mwezi uliopita, langu.
Nikasimama mlangoni, mfuko ukinidondokea maji miguuni,
na mdomo, sijui, labda ulikuwa umeshazoea,
ukasema:
Wa mwisho ni nani?

Bembea ikatulia.
Baba akainua mkono.
"Mimi," akasema, wazi kabisa. "Niko nyuma ya Fermín."

Fermín, kaka yake. Tulimzika Machi.

"Haya, baba. Basi mimi niko nyuma yako."

Akanitazama kwa makini, viatu hadi nywele,
kama mtu anayekariri alama,
kisha akanionyesha kwa kidole sehemu ya sakafu
isiyofikiwa na jua,
nikae.