Skrini Nyeusi

Aikande, uliniuliza tovuti ya chama tuiweke wapi.
Tangu asubuhi nahesabu kwa vidole.

Ile mashine chini ya meza, hapa Kiboriloni,
ni ya mtumba, feni yake inakohoa.
Juzi umeme ulikatika saa nane mchana;
wanunuzi wa kahawa wakabisha hodi,
mlango wenyewe haupo.

Iko kampuni Ulaya, bei ya soda kwa siku,
umeme wao hausinzii.
Lakini nikikwama usiku
nitamlilia nani, na kwa lugha gani?
Iko ya Dar. Ghali kidogo. Simu wanapokea.

Na mfumo? Windows naijua sura,
ila leseni hurudi kila mwaka
kama mdai aliyekuona na mfuko wa sukari.
Linux haina sura: giza,
kistari kimoja kinapepesa, kinangoja neno.
Ukikosea herufi haikuonei huruma.
Lakini ni kama mfereji wa babu zetu:
hauna mwenye kuuza,
kila mmoja alishika jembe,
na zamu yako ikifika, maji ni yako.

Basi nimechagua giza.
Nimechagua Dar, kwa ajili ya ile simu.
Ya chini ya meza usiitupe,
itunze nakala kila usiku saa saba,
kama mahindi ya mbegu
mama aliyoyaning'iniza juu ya meko, kwenye moshi.

Nywila iko kwenye daftari la madeni,
ukurasa wa Ndesario.
Pale hakuna anayefungua,
Ndesario mwenyewe wa kwanza.